Muulize Bi Mwalimu: Mwembe umeutoa wapi uzito wake?

Toleo lililopita nilijibu swali moja la aya tatu kuhusu jani na jua, nikaweka kalamu chini. Kumbe nimechokoa mzinga. Barua zimekuja mpaka mhariri akaniongezea kurasa, kwa sharti moja tu: nisiandike kama niko ubaoni. Nimefundisha baiolojia miaka 31 hapa Tanga, kwa hiyo sharti hilo nitalitimiza kadiri ya uwezo wangu. Neno lenyewe tunalozungumzia ni usanisinuru, yaani kusanisi, kuunda kitu, kwa nuru. Vitabu vingine huandika fotosinthesisi. Mimi naona la kwanza linajieleza, la pili linahitaji mwalimu.

Shikamoo Bi Mwalimu. Niko kidato cha pili, Korogwe. Nimebishana na babu yangu. Nilimwambia mti unajitengenezea chakula kwa jua. Yeye anasema mti unakula udongo, ndiyo maana shamba likilimwa miaka mingi linachoka. Akaniuliza: kama hauli udongo, huu mwembe wetu uzito wote huu umeutoa wapi? Nilinyamaza. Nisaidie kabla likizo haijaisha.

Marahaba, mjukuu wangu. Usimcheke babu. Swali lake ni zuri kuliko jibu lako, kwa sababu wewe umekariri na yeye amepima kwa macho.

Swali hilohilo lilimsumbua daktari mmoja wa Brussels, Jan Baptist van Helmont. Alichukua udongo akaukausha kwenye tanuri, akapima ratili 200, akautia kwenye chungu kikubwa. Akapanda humo mche wa ratili 5. Akaumwagilia maji ya mvua miaka 5, na chungu akakifunika kwa bati lenye matundu ili vumbi lisiingie. Miaka ilipotimia aling'oa mti na kuupima: ratili 169 na kidogo. Kisha akakausha udongo tena, akapima. Ulikuwa umepungua wakia 2 tu. Ratili ni nusu kilo kasoro, na wakia 2 ni uzito wa yai moja la kuku. Mti mzima, na udongo umepungua kwa uzito wa yai! Hesabu zake zilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki miaka 4 nyuma.

Van Helmont alihitimisha kwamba mti umetokana na maji. Hapo alipata nusu. Na kinachonisikitisha kila nikikisimulia kisa hiki ni kwamba huyuhuyu ndiye aliyetunga neno "gesi". Siku nyingine alichoma ratili 62 za mkaa, akabaki na ratili 1 ya majivu, akasema zile 61 zimekuwa gesi. Alikuwa na vipande vyote viwili mkononi, mti uliotoka pasipojulikana na mkaa uliokwenda hewani, asivigonganishe.

Sasa nenda na babu yako jikoni, hilo ndilo darasa lenu. Chukueni kuni zilizokauka vizuri. Kilo 100 za kuni kavu zikiungua zote hubakisha majivu kilo 1 hivi, mara nyingi hata pungufu. Yale majivu ndiyo yaliyotoka udongoni. Kilo 99 zimekwenda wapi? Zimerudi hewani, kwa sababu zilitoka hewani na kwenye maji ya mvua. Kiswahili kimeliona jambo hili kabla yetu: ukaa, makaa, mkaa ni ukoo mmoja. Hewa ya ukaa ni hewa yenye mkaa ndani yake, na gunia la mkaa unaloliona barabarani kwenda Handeni ni hewa iliyokamatwa na majani, ikafungwa kamba. Joto lake ni jua la miaka mingi iliyopita.

Hiyo hewa ya ukaa ni chache mno: katika kila sehemu 10,000 za hewa, ni kama 4 tu. Mwembe wenu umeichuja hiyo kidogokidogo kupitia vitundu vilivyo zaidi upande wa chini wa majani, ukaiunganisha na maji yaliyopanda kutoka mizizini, kwa nguvu ya jua, ukapata sukari. Sukari zikiunganishwa kwa namna moja zinakuwa wanga, kwa namna nyingine zinakuwa nyuzi za mbao. Shina lile unaloegemea ni sukari iliyoshonwa.

Na babu je? Shamba kuchoka ni kweli, na sababu yake iko kwenye zile wakia 2. Mmea unahitaji nitrojeni, fosforasi, potasiamu, magnesiamu na madini mengine kutoka udongoni, kama mchuzi unavyohitaji chumvi. Hakuna anayeshiba chumvi, lakini mchuzi usio na chumvi unaujua. Rangi ya kijani yenyewe, umbijani, kila molekuli yake imejengwa kuizunguka chembe moja ya magnesiamu iliyoshikwa na nitrojeni nne. Magnesiamu ikikosekana, majani ya chini yanageuka njano kati ya mishipa, na jiko limezimika hata jua liwake namna gani. Ukivuna mahindi na kuyapeleka sokoni kila mwaka bila kurudisha kitu, unahamisha ile chumvi. Mwambie babu sare.

Bi Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Toleo lililopita uliandika kwamba jani "huvuta hewa ya ukaa, hubaki na ukaa na kuachia oksijeni yake". Mwalimu wetu anasema oksijeni hiyo haitoki kwenye hewa ya ukaa, inatoka kwenye maji. Nani amekosea?

Marahaba. Mimi.

Na ngoja nikwambie, si mara ya kwanza. Miaka yangu ya mwanzo nilifundisha hivyohivyo darasani, tena kwa kujiamini. Siku moja mvulana wa nyuma kabisa, yule ambaye daftari lake lilikuwa halina jalada, alinyoosha mkono akasema: "Mwalimu, hesabu haitimii." Nilikuwa nimeandika ubaoni fomyula ya siku zote: hewa ya ukaa 6 na maji 6 zinatoa sukari 1 na oksijeni 6. Akasema, kama oksijeni yote inatoka kwenye maji, maji 6 yana chembe 6 tu za oksijeni, na pale kulia kuna molekuli 6 zenye chembe 12. Kama inatoka kwenye hewa ya ukaa, hizo 12 zipo, lakini basi za kwenye sukari zimetoka wapi? Alikuwa anauliza kweli. Nikamwambia akae, tutakosa muda. Hatukukosa muda. Nilikosa jibu.

Jibu lilikuwepo tangu zamani. Miaka ya 1930 Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi California, Cornelis van Niel, alikuwa akichunguza bakteria wanaoishi penye ile gesi inayonuka kama yai viza, harufu ambayo mtu yeyote wa pwani aliyepita kwenye tope la mikoko anaijua. Bakteria hao nao hutumia mwanga na hewa ya ukaa kutengeneza chakula, lakini hawatoi oksijeni. Wanatoa salfa. Van Niel akafikiri: gesi ile ni haidrojeni na salfa, na salfa ndiyo inayotupwa. Maji ni haidrojeni na oksijeni. Basi mimea lazima inapasua maji, inachukua haidrojeni, inatupa oksijeni. Kwa mantiki tu, kama anayemjua mpishi kwa kuangalia maganda aliyotupa.

Uthibitisho ulikuja mwaka 1941. Samuel Ruben na Martin Kamen na wenzao, hukohuko California, walitumia oksijeni nzito kidogo kuliko ya kawaida ili waweze kuifuatilia. Walipoiweka kwenye maji ya mwani mdogo wa kijani, ikatoka kwenye mapovu. Walipoiweka upande wa ukaa, haikutoka. Ruben alifariki miaka 2 baadaye kwa ajali ya maabara, akiwa na miaka 29.

Kwa hiyo fomyula ya haki ina maji 12 kushoto, na maji mapya 6 yanazaliwa kulia pamoja na sukari na oksijeni. Tunapunguza 6 pande zote mbili ili ubao upendeze, na kwa kupendezesha ubao tunaficha kisa chenyewe. Yule mvulana alikuwa ameona mshono.

Na kisa chenyewe kinakwenda hivi, kwa kifupi. Mwanga ukiupiga umbijani, elektroni moja inarushwa na kukimbia. Pale ilipotoka panabaki pengo lenye njaa kali, na pengo hilo linajazwa kwa kupora elektroni kutoka kwenye maji. Kazi ya kupasua maji inafanywa na kishada kidogo chenye chembe 4 za manganizi. Kila molekuli mbili za maji zikipasuka, molekuli moja ya oksijeni inaachiwa iende zake. Hiyo ndiyo tunayovuta. Ile elektroni iliyokimbia inapitishwa mkono kwa mkono, na nguvu yake inatumika baadaye, sehemu nyingine ya jikoni, kuifunga hewa ya ukaa iwe sukari. Sehemu hiyo ya pili haihitaji mwanga wenyewe, inahitaji mali iliyochumwa na mwanga.

Mpe mwalimu wako salamu zangu. Na yule mvulana, kama anasoma ukurasa huu, sasa ni mtu mzima: ulikuwa sahihi, nami nilijua kwamba sijui.

Bi Mwalimu, shikamoo. Naandika kutoka Kilifi. Mavyaa wangu amekuja kututembelea na akakuta nimeweka vyungu vitatu vya maua chumbani. Anasema usiku mimea hutoa hewa mbaya na inaweza kumwua mtoto. Ametoa vyungu vyote nje. Yuko sahihi?

Marahaba, mwanangu. Kuhusu mimea yuko sahihi, kuhusu kuua hapana, na mimi sitaki kuwagombanisha.

Mmea unapumua kama wewe, saa 24. Mchana hatuoni kwa sababu unachokitengeneza ni kingi kuliko unachokitumia. Usiku jiko la jua limezimwa, kupumua kunaendelea, na hewa ya ukaa inatoka. Jani linakula wanga uliowekwa akiba mchana, tena kwa kipimo. Alfajiri ghala linakuwa karibu tupu. Lakini kiasi chake ni kidogo mno. Mtu mzima mmoja hutoa hewa ya ukaa ya kama kilo 1 kwa siku. Chungu cha maua hakina hata uzito wa majani wa kutosha kukaribia hapo. Kama tatizo ni hewa ya ukaa chumbani, wa kwanza kutolewa nje alale barazani angekuwa mume wako, na hilo sidhani mavyaa wako atalikubali kwa mwanawe.

Kinachoua chumbani ni kingine, na nakiandika hapa kwa herufi zote: jiko la mkaa lililoingizwa ndani usiku wa baridi au wa mvua na madirisha yakafungwa. Mkaa ukiungua penye hewa haba hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Hiyo si ya kujaribu wala ya kubishania.

Maua yarudishe taratibu, kimoja kimoja.

Habari za kazi Mwalimu. Mimi ni fundi sola hapa Handeni. Kila mtu husema jani ni paneli ya sola ya Mungu. Mimi nataka kujua: ina asilimia ngapi?

Nzuri, fundi. Nimelipenda swali lako kwa sababu umeuliza kama mtu anayetoa risiti.

Paneli unazofunga siku hizi zinageuza kama asilimia 20 ya mwanga kuwa umeme. Shamba la kawaida, ukipima msimu mzima, linahifadhi kama asilimia 1 ya mwanga uliolipiga, mara nyingi chini ya hapo. Hata kwa hesabu ya juu kabisa, mahindi hayavuki asilimia 6, na maharage au mpunga hayafiki 5. Karibu nusu ya nguvu ya jua iko kwenye miali ambayo jani haliwezi kuitumia kabisa. Katika ile inayotumika, jani hupenda zaidi nyekundu na buluu, na ya kijani nyingine huirudisha, ndiyo hiyo inayofika machoni mwako.

Lakini linganisha kazi na kazi. Paneli yako inatoa umeme na lazima mteja anunue betri. Jani ni paneli na betri papo hapo, kwa sababu sukari ndiyo betri. Halafu lina fundi wake ndani. Kuna protini moja pale mwanga unaponaswa ambayo jua kali huiharibu mara kwa mara. Jua likiwaka sana inabomolewa na kuwekwa nyingine karibu kila nusu saa. Wewe ukiitwa kwa mteja kila nusu saa ungefunga duka. Na zaidi ya yote, paneli haijawahi kuzaa paneli.

Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi mkulima, upande wa Muheza. Nilipanda mahindi chini ya miembe na minazi iliyosongamana, yakarefuka kama fimbo bila kuzaa. Jirani yangu kule juu Amani analima hiliki chini ya miti mikubwa na anavuna. Kwa nini kivuli kimoja kinakataa mahindi na kinakubali hiliki?

Marahaba ndugu yangu. Hapa inabidi nikutambulishe kwa mfanyakazi mmoja mzembe.

Ndani ya jani, anayeikamata hewa ya ukaa na kuifunga iwe sukari ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia, kinachoitwa rubisko. Ni taratibu kupindukia: kuna vimeng'enya vinavyofanya kazi maelfu kwa sekunde, yeye hukamata molekuli kama 3 tu. Pia haoni vizuri. Mara nyingine badala ya hewa ya ukaa anakamata oksijeni, na jani linalazimika kutumia nguvu kurekebisha kosa. Siku ya joto, mimea mingi hupoteza karibu robo ya ilichovuna kwa uzembe huo. Jani limetatua kwa njia ambayo mwajiri yeyote wa kwetu anaijua: kwa kuajiri wazembe wengi. Ukila kisamvu, sehemu kubwa ya protini unayopata ni huyo rubisko.

Mahindi yametafuta njia nyingine. Yana kimeng'enya tofauti kinachosimama mlangoni, kisichodanganywa na oksijeni. Hicho kinapokea hewa ya ukaa, kinaitengeneza kuwa asidi yenye chembe 4 za ukaa (kaboni), na asidi hiyo inapelekwa vyumba vya ndani vilivyozunguka mishipa ya jani. Huko inafunguliwa, na rubisko anajikuta amezungukwa na hewa ya ukaa kila upande. Hata mzembe hawezi kukosea. Jambo hili lilifafanuliwa na Hatch na Slack huko Australia mwaka 1966, wakichunguza miwa. Mtama, uwele, ulezi, hata mchicha, wote wako kundi hili. Ndiyo maana vinastahimili jua la saa 7 mchana ambalo linafanya mimea mingine ikunje majani.

Lakini kubeba mizigo kutoka mlangoni hadi chumba cha ndani kuna gharama, na gharama inalipwa kwa mwanga. Penye jua tele, mahindi ni tajiri na gharama hiyo haionekani. Chini ya miembe yako, mwanga hautoshi hata kulipa wapagazi, na kidogo kinachobaki mahindi yanakitumia kukimbilia juu kutafuta jua. Ndiyo zile fimbo ulizoziona.

Hiliki ni mmea wa msituni tangu asili. Majani yake ni mapana na yamejengwa kwa mwanga mdogo. Haulipi wapagazi, na chini ya miti kuna ubaridi kiasi kwamba rubisko anakosea mara chache. Ukiipeleka hiliki kwenye jua kali ndipo ungeniandikia barua nyingine.

Wewe uko chini tambarare, kwa hiyo sikushauri hiliki, inataka ubaridi wa Amani. Pogoa matawi ya chini ya miembe, mahindi yahamishie penye wazi, na kivulini jaribu magimbi au tangawizi. Na minazi iliyosongamana, mzee, unajua mwenyewe kwamba mingine imezeeka. Usilie nayo.

Bi Mwalimu, kuna mchicha mwekundu na maua ya majani ya zambarau. Kama kijani ndiyo jiko, hayo yanapikaje? (Msomaji, Unguja)

Kijani kipo, kimefunikwa. Chemsha mchicha mwekundu kwa dakika chache: maji yatakuwa mekundu na majani yatabaki ya kijani zaidi kuliko yalivyoingia. Rangi nyekundu inayeyuka kwenye maji, umbijani hauyeyuki.

Kwa kuwa uko Unguja, nenda Paje maji yakitoka ukaangalie mwani wa akina mama, spinosamu na kotonii. Nao wako kwenye ukoo wa mwani mwekundu, ingawa kotonii nyingine huonekana ya kijani. Hapo rangi ya ziada si pambo. Maji ya bahari humeza mwanga mwekundu katika mita chache za mwanzo, na kinachofika chini zaidi ni kijani na buluu. Rangi nyekundu ya mwani hunasa hiyo kijani ambayo umbijani huiachia, kisha huukabidhi umbijani nguvu yake. Umbijani bado ndiye mpishi. Yule mwingine ni mchanja kuni.

Mama, shikamoo. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye shamba la mkonge, si mbali na Tanga mjini. Wazee tunaofanya nao kazi wanasema mkonge unapumua usiku, ukikaa kimya unausikia. Wengine tunasema ni upepo. Je, kuna ukweli wowote?

Marahaba mwanangu, pole na zamu. Kuusikia, huo ni upepo. Kupumua usiku, wazee wako sahihi kabisa, na kwa mkonge ni sahihi kwa namna ambayo si ya mwembe wala ya maua ya Kilifi.

Nimekwisha kusema kwamba jani lina vitundu vya kuingizia hewa ya ukaa. Taabu ni kwamba kitundu kikifunguliwa kuingiza hewa, maji nayo yanatoka. Kwenye nchi kavu, mmea unaofungua vitundu mchana unakauka. Mkonge asili yake ni Mexico, penye ukame. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta kwetu mwaka 1893 kupitia Florida, na inasimuliwa kwamba miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Hayo mashamba yote unayoyaona pande zote za barabara yalianza na kundi dogo kuliko darasa langu la kidato cha kwanza.

Desturi ya nchi kavu mkonge ulikuja nayo. Mchana, jua likiwaka, vitundu vimefungwa kabisa. Usiku, kukiwa na ubaridi na umande, vinafunguliwa, na hewa ya ukaa inaingia. Lakini usiku hakuna jua la kupikia. Kwa hiyo mkonge unaigeuza hewa hiyo kuwa asidi, ileile inayofanya tufaha bichi liwe kali, na kuiweka kwenye mifuko iliyo ndani ya seli za jani. Hiyo ni sababu moja ya jani lake kuwa nene vile. Kukipambazuka milango inafungwa, asidi inafunguliwa taratibu, hewa ya ukaa inaachiwa ndani kwa ndani, na jua linaipika kuwa sukari bila tone la maji kupotea bure. Mananasi yanafanya hivyohivyo.

Kuna Mzungu aliyekuwa India, Benjamin Heyne, aliyeeleza katika andiko lililochapishwa mwaka 1815 kwamba ua moja la majani manene lilikuwa chachu likitafunwa asubuhi, na halina ladha ifikapo adhuhuri. Alikuwa ameonja jambo hilohilo bila kujua ni nini. Wewe usionje mkonge, tafadhali. Maji yake yanawasha, na wakataji walio kwenu watakueleza vizuri kuliko mimi.

Kwa hiyo saa 8 ya usiku ukiwa umekaa kati ya mistari na tochi yako, kila jani linalokuzunguka limefungua vitundu vyake maelfu kwa maelfu na linavuta hewa ya ukaa. Baadhi ya hewa hiyo umeitoa wewe mwenyewe, dakika iliyopita, kwa kupiga miayo. Asubuhi ukienda kulala itakuwa sukari, baadaye uzi ndani ya jani, na wakataji wakipita, kamba.